Hamsini kwa Mia

Walikuja watatu, mmoja kashika kopo la rangi nyekundu na brashi iliyokwisha nywele, wakachora X kwenye ukuta wa jirani yangu, mkono wa kushoto wa geti, juu kidogo ya kengele. Rangi ilikuwa nyepesi mno. Ilichuruzika hadi kwenye kibao cha "Mbwa Mkali", na mbwa mwenyewe, aliyekufa miaka mingi, hakuwapo wa kubweka. Chini ya ile X wakaandika tarehe na herufi ambazo sikuzielewa, kisha wakasogea ukuta wa pili.

Mwenye nyumba ni mjane wa rafiki yangu. Alitoka amejifunga leso juu ya gauni la kulalia, akausoma ukuta wake kama asomaye barua ya mtu mwingine, halafu akanigeukia mimi niliyesimama barabarani na kikombe cha chai mkononi. "Shemeji," akasema, "si wewe ndiye uliyetuleta hapa?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaka kuhakikisha leo ni siku gani.

Ni mimi. Nimekuwa nikilikumbuka jambo hilo kila mara mvua inaponyesha usiku, nikaligeuza upande na kulala. Siku ile nilirudi ndani, nikatoa faili la bluu lenye hati yangu, nikaanza kuhesabu miaka.

Naishi Ongata Rongai tangu 1996. Wenyewe tunapaita Ronga. Watu wa Nairobi hututania kwamba tunakaa diaspora, eti tunahitaji pasipoti kwenda kazini, na ukishawahi kukwama pale Bomas saa moja usiku, mvua ikinyesha na dereva kazima injini, utani huo unakuwa si utani tena. Kwenye ramani ni kilomita 17 hivi kutoka katikati ya jiji. Kwenye maisha ya mtu anayeripoti kazini Industrial Area saa mbili kamili, ni kuamka saa kumi alfajiri.

Nililetwa huku na bei ya nyumba, kama wengi. Lakini kilichonifanya ninunue ni jambo nililokuja nalo kutoka kwetu Mombasa. Baba yangu alijenga mtaa wa Majengo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na baraza mbele, juu ya ardhi isiyokuwa yake. Pwani tunaita nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, mapaa ni yako, mlango ni wako, lakini udongo chini yake una mwenyewe, na kila mwezi unamlipa kodi ya kiwanja. Siku akitaka udongo wake, utajua utabeba nini. Nilikua nikimwona baba akihesabu noti za yule mkusanya kodi juu ya kitanda, polepole, na nikaapa kwamba mimi nitakufa na hatimiliki. Ukubwa wa kiwanja sikuuwazia, wala mahali kitakapokuwa. Niliiwazia ile karatasi yenye muhuri.

Ili kuelewa kwa nini karatasi hiyo ilikuwa rahisi kupatikana huku kuliko ng'ambo, inabidi kuuangalia mto. Mbagathi unashuka kutoka upande wa Ngong, unapita kaskazini ya mji wetu, na ukiuvuka kwa daraja la Barabara ya Magadi hutambui kwamba umevuka kitu cha maana. Lakini wakati wa ukoloni mto huu ulikuwa mpaka. Kaskazini yalikuwa mashamba ya walowezi; kusini ilikuwa hifadhi waliyobanwa humo Wamaasai baada ya mikataba ya 1904 na 1911. Karen Blixen, aliyelima kahawa chini ya milima ya Ngong tangu 1914 hadi 1931, alikuwa akitazama ng'ambo ya mto na kuiona nchi ya Wamaasai. Mzungu akaondoka, mpaka ukabaki. Ukawa mpaka wa Nairobi na Mkoa wa Bonde la Ufa, na tangu 2013 ni mpaka wa kaunti ya Nairobi na kaunti ya Kajiado. Upande wa mtaa wa Karen sheria za mipango ziliendelea kudai viwanja vikubwa, nyumba moja katikati ya miti, ua wa kei-apple na mlinzi. Upande wetu mwenye ardhi aliweza kuikata apendavyo. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Karani au mwalimu asiyeweza hata kuuliza bei Karen alivuka daraja, akapata mahali pa kulaza kichwa.

Mashariki nako kuna Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyotengwa 1946, kilomita za mraba 117. Huko hakuna kujenga. Kwa hiyo mji umebanwa: mto juu, mbuga ubavuni, na barabara moja kuu inayokwenda Kiserian na kuteremka bondeni hadi kwenye magadi yenyewe. Kwa Kimaasai, Ongata Rongai ni uwanda mwembamba. Waliotoa jina hilo walikuwa wakiwaza ng'ombe, lakini hakuna mpangaji wa miji aliyewahi kutueleza kwa ufupi kiasi hicho.

Kabla ya wapangaji wa nyumba kuja, watu walifuata mawe. Mtaa wa Kware umepata jina lake kwenye machimbo, na mawe yaliyochongwa huku yalipandishwa malori kwenda kujenga Nairobi. Chumba changu cha kwanza kilikuwa Kware, karibu na shimo lililoachwa, na kwa miezi ya mwanzo nililala nikisikia patasi, maana wachongaji wengine walianza kabla ya jua. Napenda kukumbuka hilo. Tulitoa mawe yetu yakajenga jiji, kisha tukaja kuuziwa mawe ya kujengea kutoka kwingine.

Oktoba 1997 ikaja El Niño. Mvua ilianza na haikujua kuacha. Tuliingia 1998 bado inanyesha. Barabara za ndani, ambazo ni za ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuwa gundi masika, zilifungwa. Tulitembea na viatu mkononi na mifuko ya plastiki miguuni hadi kwenye lami, tukavaa viatu ndani ya matatu. Jumapili moja mvua ilipopumzika nikatoka kwenda kutazama. Chini ya mteremko, mahali palipokuwa malisho matupu, palikuwa na ziwa. Sitaki kutia chumvi: si bwawa, si dimbwi, ziwa. Vijana walikuwa wakielea juu ya tyubu ya lori. Korongo mmoja mweupe alisimama ndani ya maji kwa mguu mmoja, mbele ya mgunga uliozama nusu. Na ukingoni palikuwa na kichuguu kirefu kama mtoto wa miaka kumi, maji yakigusa kitako chake. Nilisimama kando ya kichuguu hicho kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu. Niliegemea. Mpaka leo nakumbuka ubaridi wake kwenye bega.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu miaka minne baadaye nilijifanya sikuyaona.

Mwaka 2001 nchi ilikuwa imetoka kwenye ukame mkali. Mwaka uliotangulia stima ilikuwa ya mgao, mabwawa yamekauka, na Wamaasai waliingiza mifugo yao hadi ndani ya Nairobi kutafuta majani kando ya barabara. Ardhi ya Rongai ilikuwa kavu kama sahani. Mzee mmoja mwenye ekari kadhaa alikuwa anauza. Wamaasai waliouza wamesemwa vibaya sana, kwamba walikula ardhi yao kwa ujinga, na sipendi maneno hayo. Sheria ya 1968 ilikuwa imewaweka wengi kwenye ranchi za vikundi, na tangu miaka ya 1980 ranchi zile zikaanza kupasuliwa kuwa za mtu mmoja mmoja. Huku kwetu karibu na jiji, umiliki wa mtu binafsi ulitangulia. Mtu aliyepoteza ng'ombe wote kwa kiangazi, ana watoto shuleni, na ana hati yenye jina lake, atauza nini kingine?

Siku ya kwenda kuona tulikuwa kama kumi na wawili, wengi wafanyakazi wa kiwanda chetu cha uchapishaji. Dalali alikuwa na ramani ya mpima ardhi, nakala ya nakala, mistari imefifia. Kila ploti ilikuwa futi 50 kwa 100, yaani karibu moja ya nane ya ekari. Bikoni zilikuwa zimeshapigwa, vichwa vya saruji vikichungulia majanini. Mzee alitembea nasi akiegemea fimbo, hakusema mengi. Tulipofika chini ya mteremko alielekeza fimbo akasema kwa Kiswahili chake cha pole kwamba hapo ndipo ng'ombe wake walipokuwa wakinywa.

Dalali alilidaka neno kabla halijatua. "Mnasikia? Maji hapa si shida!"

Tukacheka. Nilicheka nami. Nilikuwa nimekwisha kukitambua kile kichuguu, hatua kama arobaini juu yetu, na mgunga nao ulikuwa pale pale. Nilijua tumesimama kwenye sakafu ya lile ziwa. Ploti za chini zilikuwa shilingi 140,000. Za juu, 180,000. Rafiki yangu, tuliyekuwa tukikaa benchi moja kusahihisha prufu, alikuwa na 140,000 kamili. Alinivuta pembeni. "Wewe unakaa huku. Hapa ni sawa?"

Nikamwambia ni sawa.

Dalali alinipa shilingi 3,000 kwa kila mteja niliyemleta. Mimi mwenyewe nilichukua ya juu, yenye kichuguu, nikakopa ushirika kujazia. Zile 3,000 za rafiki yangu nilizinunulia misumari ya mabati na kilo mbili za nyama, na nyama hiyo tuliila pamoja naye.

Sikumdanganya kwa ubaya, naweza kuapa. Nilijiambia El Niño huja mara moja katika maisha ya mtu. Nilijiambia akishajenga ataweka msingi mrefu. Mtu anayetaka hati hupata hoja. Lakini kazi yangu ilikuwa kusoma prufu, kuona kosa kabla halijachapwa mara elfu kumi, na kosa lile niliona.

Nilijenga 2003, chumba kimoja kimoja. Kichuguu nilikivunja mwenyewe kwa sururu, siku nne, nikatumia udongo wake kujazia sakafu ya sebule. Mafundi wanausifu sana udongo wa kichuguu kwa kushikamana. Geti langu liko pale kilipokuwa.

Haikunipitikia wakati huo kuuliza kitu ambacho leo naona ni cha kwanza. Katika ile ramani ya dalali, ekari zote za mzee ziligawika ploti, na katikati njia ya futi ishirini. Basi. Hapakuwa na kipande cha shule, wala soko, wala uwanja wa mpira, wala zahanati, wala makaburi. Hapakuwa na mtaro. Kijito cha masika, ambacho hutoka juu barabarani na kuteremka hadi Mbagathi, hakikuchorwa, kwa sababu siku ile mpima alipokuja hakikuwa na maji. Kiliuzwa. Kimo ndani ya hati za watu sita, nambari kwa nambari, kila kipande kina muhuri.

Wala usidhani ni mzee yule na dalali yule peke yao. Pande zote za Rongai, na Kiserian, na Ngong, na Kitengela huko ng'ambo ya mbuga, mji ulizaliwa hivyo hivyo: mwenye ardhi mmoja, mpima mmoja, wanunuzi kumi, na hakuna anayemuuliza wa kando yake barabara yake itakutana wapi na ya huyu. Ndiyo maana njia zetu hupinda ghafla au hugonga ukuta. Ukiona kona isiyo na maana Rongai, jua hapo ndipo shamba la mtu mmoja lilipoishia.

Kila mtu alijitengenezea serikali yake ndogo. Maji tulinunua kwa mkokoteni wa punda, mitungi ya lita 20, na walioweza waliita boza. Baadaye wenye pesa wakachimba visima, tukavuta mabomba ya plastiki juu ya kuta kama kamba za kuanikia nguo. Choo ni shimo. Mji haukuwa na bomba la maji taka. Shimo langu lina futi 35 na fundi aliyelichimba alitoka na tabasamu akasema halitajaa mpaka wajukuu. Mita chache kutoka hapo, nyuma ya ukuta, jirani alichimba kisima. Sote wawili tulikuwa na hati na kila mmoja alichimba kwake. Nilikunywa maji ya kisima hicho miaka sita kabla hatujawahi, siku moja tukingoja umeme urudi, kuhesabu kwa vidole umbali wa mashimo yetu. Tulinyamaza. Kesho yake nikanunua chujio.

Baba alikuja kututembelea 2005, mara moja tu. Nilimwonyesha hati kabla hajanawa mikono. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia. "Mashallah," akasema. Kisha akauliza baraza iko wapi. Nikamweleza kwamba huku watu hujenga ukuta kwanza, nyumba baadaye. Akachukua kiti cha plastiki, akaketi nje ya geti, kofia kichwani, bakora mapajani, akingoja wapita njia wamsalimie. Aliketi hivyo siku tatu. Aliyemsalimia ni mwenye punda wa maji, na siku ya tatu walikuwa wamekwisha kuwa marafiki. Baba alijua kijiji chake, jina la mama yake, na bei aliyonunulia punda. Mimi nilikuwa nimenunua maji kwake miaka miwili bila kujua jina lake.

Alipoondoka hakunilaumu. Aliniambia tu kule Majengo, yule mwenye ardhi akileta shida, mtaa mzima hutoka. "Na hapa," akauliza akitazama kuta, "wewe ukipata shida atatoka nani?" Nikamjibu nina hati. Nilisema kwa fahari.

Mambo mengine nitayapita mbio. Kwa muda mrefu tulikuwa chini ya baraza la Olkejuado, makao yake mjini Kajiado, na mara moja nilitumwa huko kwa ajili ya muhuri wa ramani ya nyumba. Ili kufika makao makuu yetu nilitoka nje ya eneo letu, nikaenda Nairobi, nikapanda gari jingine, nikapita Mlolongo, Athi River, Kitengela na Isinya. Siku nzima, na afisa alikuwa ametoka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sisi ni watu wa jiji tunaohesabiwa kwingine. Jiji lilitutumia mchana likaturudisha usiku. Baraza lilikuwa mbali mno kutuona. Ugatuzi ulipokuja 2013 mambo yalisogea kidogo, taa za barabarani na soko, lakini mji ulikuwa umeshatutangulia. Sensa ya 2009 ilihesabu watu zaidi kidogo ya 40,000 Rongai. Ya 2019 ikahesabu zaidi ya 170,000.

Mwaka huo huo wa 2019 reli mpya ikafunguliwa hadi Suswa, ikipita juu ya mbuga kwa nguzo ndefu, na tukapewa stesheni yenye jina letu. Iko mbali na watu. Nimewahi kuipanda mara moja, kwa kutalii. Watu wanaendelea kupanda matatu za 125, zile nganya zilizochorwa nyuso za wanamuziki, muziki unaotikisa meno, na naungama kwamba uzee wangu wote haujanifanya nizichukie. Na Desemba ya 2019 simba alimuua mtu kando ya mbuga, upande wa kwetu. Wakati nahamia, mngurumo wa simba usiku ulikuwa ni kitu cha kuwaambia wageni. Wakati ule nyumbu walikuwa bado wakitoka mbugani kwa makundi, kusini ambako hakuna ua, kwenda uwanda wa Athi-Kapiti kuzaa. Walipopita pamekuwa na ploti za 50 kwa 100. Simba naye ana njia yake isiyochorwa kwenye ramani ya mpima.

Sasa nirudi kwenye maji.

Baada ya 2010 ghorofa zikaanza. Ploti iliyobeba familia moja ikabeba ghorofa sita, nyumba ishirini na nne, na shimo lile lile la choo. Magari ya kunyonya maji taka yakawa yanapita usiku, na si yote yaliyofika yalikotakiwa kufika. Halafu ikaja fasheni ya kabro. Mtu akipata pesa anafukia majani ya uani kwa matofali ya kabro, ili gari lisiingize matope. Mimi nililaza yangu 2016, rangi ya kijivu na nyekundu, nikapigwa picha. Mvua iliyokuwa ikinywewa na udongo wangu ikawa inatiririka chini ya geti na kuteremka. Ya jirani wa juu nayo. Ya ghorofa nayo, kutoka kwenye paa lenye ukubwa wa ploti nzima. Sote tuliyatoa maji kwetu tukayapeleka chini, na chini palikuwa na rafiki yangu.

Alikuwa amejenga msingi mrefu, kama nilivyomtabiria. Mara ya kwanza maji yalipoingia alinipigia simu tukacheka, tukayachota kwa ndoo. Mara ya pili alijenga ukuta mdogo mlangoni. Hakuwahi kuniuliza. Alifariki 2020, na kwenye mazishi mkewe alinitambulisha kwa ndugu zake kuwa ndimi niliyewatafutia ploti; wakanishukuru mmoja mmoja, wakinipa mkono.

Masika ya 2024 kila mtu anayajua. Usiku wa manane wa mwisho wa Aprili nilisikia sauti kama lori linalomwaga kokoto. Nilipotoka na tochi, barabara ilikuwa mto wa kahawia, ikibeba mitungi ya maji, mbao, kuku mmoja hai juu ya godoro. Tulimtoa shemeji dirishani. Maji yalimfika kifuani. Alikuwa ameshikilia juu ya kichwa mfuko wa plastiki, na nilijua ndani yake kuna nini kabla hajasema: hati.

Watu walitoka usiku ule. Baba angependa kuona. Vijana wa ghorofa, ambao hatukuwahi kusalimiana, walifunga kamba kwenye geti langu wakapita nayo hadi kwake, na mwenye kisima alifungua nyumba yake tukalala humo kumi na saba. Wiki mbili zikapita, matope yakakauka, mageti yakafungwa.

Baada ya hapo serikali ikaamuru walio kando ya mito wahame, na sasa, kwa kuchelewa, rangi nyekundu imefika kwetu. Shemeji ana hati halali. Alilipa ushuru wa stempu, analipa kodi ya ardhi, ramani yake ina muhuri. Ofisi moja ilimpa ruhusa ya kujenga na nyingine inamwambia amejenga mtoni, na zote ni za serikali moja.

Juzi walirudi, safari hii na kijana mpole mwenye kishikwambi na futi kamba ya njano. Tulikuwa nje wote, ukuta mzima wa watu, bila baraza. Alitueleza kwamba kanuni za maji zinataka ukingo wa kati ya mita 6 na 30, na kwamba haupimwi kutoka pale maji yalipo leo. Unapimwa kutoka pale yalipowahi kufika juu kabisa. Kijito kilikuwa kikavu. Mbuzi walikuwa wakila humo. Akatazama huku na huku, akatuuliza kama kuna mwenyeji wa zamani anayekumbuka mafuriko yaliyozidi ya 2024.

Wengi walikuwa wamehamia baada ya 2010. Mzee wa Kimaasai alikwisha kufa. Shemeji hakunitazama. Alikuwa akiokota vipande vya rangi iliyokauka kwenye kibao cha mbwa, kwa ukucha.

Kutoka pale aliposimama hadi geti langu ni hatua arobaini, na mita 30 kutoka geti langu, kwa kuelekea juu, ni nyuma ya jiko langu.

"Njoo huku," nikamwambia. Tukapanda pamoja. Nikamwonyesha mahali, karibu na nguzo ya kushoto, ambapo kabro imebonyea kidogo kwa sababu udongo wa chini haukukaa vizuri nilipouchimba. Akapiga magoti, akaweka alama kwa chaki, akanikabidhi ncha ya futi kamba.

"Shikilia hapo, mzee," akasema, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea nyumba yangu, akiifungua.